Bodi ya Tisa Haijisikii Vizuri

Watu wakisikia kwamba nimetengeneza kompyuta kuu, wa kwanza huniomba nimchapie barua, na wa pili huniuliza kama inaweza kurudisha picha zilizofutika kwenye simu yake. Nimeshachoka kueleza. Mashine yangu haiwezi kuchapa barua, haifungui picha, haichezi muziki. Inajua jambo moja tu: punje mbili za mpunga zikigusana, kila moja inaisukuma nyingine kwa nguvu kiasi gani na kuelekea wapi. Hilo moja inalikokotoa kwa kasi ambayo kompyuta mpakato yangu, ile ya kuchapa barua, haitaifikia hata nikiiacha inawaka mpaka nistaafu.

Yote yalianzia Igawa. Nilifundisha sekondari huko miaka miwili kabla sijahamia chuoni Mbeya, na chumba nilichopanga kilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine ya kukoboa mpunga. Kutwa nzima nausikia mpunga unashuka kwenye koni ya bati, halafu ghafla kimya. Umegoma. Mpunga upo, tundu lipo, hakuna kilichoziba, ila punje zimeshikana mabega zikajenga daraja juu ya tundu na hakuna inayotaka kuwa ya kwanza kushuka. Hapo jamaa wa mashine anachukua rungu na kuligonga bati. Anagonga popote karibu na tundu. Siku moja nilimwuliza kwa nini amegonga pale na si hapa, akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anapumua.

"Si inashuka, mwalimu?" akasema.

Kweli ilishuka. Mimi swali likanikaa kooni. Lile daraja linajengwa wapi, kwa muda gani, na ni punje ipi ikiondoka ndipo linavunjika? Nilitafuta vitabuni. Vitabu vya fizikia vina majibu mengi sana kuhusu maji na hewa, lakini ukiuliza kuhusu kitu ambacho si maji wala si jiwe, kitu kinachomiminika kikitaka na kugoma kikitaka, wataalamu wanaanza kukohoa. Nikaamua hilo ndilo litakuwa somo langu la shahada ya uzamivu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Wenzangu walisema nimechelewa, nami niliwajibu vibaya.

Njia pekee ya kulijibu swali lile ni kuigiza: unaijenga ile koni ndani ya kompyuta, unaijaza punje za kufikirika, unaziachia, kisha unakokotoa kila mguso wa kila punje, hatua kwa hatua. Kompyuta mpakato ilichukua wiki nzima kwa punje ambazo zingejaa kikombe cha chai. Mimi nilitaka koni nzima. Kompyuta kuu za kweli zipo katika nchi za mbali, unaomba nafasi, unasubiri, na mimi kusubiri sikujaliwa. Basi nikasema nitatengeneza ya kwangu, isiyojua kitu kingine chochote duniani isipokuwa mpunga.

Bodi nilizipata Mwanjelwa, kwa wauza skrepa. Minara ya simu inapobadilishiwa mitambo, ile ya zamani huishia kwao, na wao wanaipima kwa kilo kama vyuma vingine. Ndani ya mitambo hiyo kuna chipu ambayo njia zake za ndani unaweza kuzipanga upya. Leo ni chipu ya simu, kesho ukiipanga vingine ni chipu ya kukokotoa mguso wa punje na basi. Nilichambua rundo mwaka mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wale jamaa wakawa wananiita Mama Skrepa. Nikapata bodi kumi na sita nzima na tatu za akiba. Kila bodi niliikabidhi sehemu yake ya koni, kama mabalozi wa nyumba kumi: shughulika na punje za eneo lako tu, na kila hatua waambie majirani zako zile za mpakani zimefika wapi. Bodi moja ikimaliza inawasubiri wenzake, wote wakimaliza wanapiga hatua nyingine pamoja.

Maelezo haya yanaonekana mepesi hapa kwenye karatasi. Kuyafanya yawe kweli kulinila miaka minne. Nilichoma bodi, nikachoma vidole, nikaandika upya mpangilio wa zile chipu mara nisizozikumbuka. Usajili wangu wa shahada ukaisha, nikaomba muda, nikapewa. Ukaisha tena, nikaomba tena, nikapewa, pamoja na barua iliyosema kwamba mwisho ni mwisho wa mwezi wa tisa, na kwamba hakutakuwa na nyongeza nyingine kwa sababu yoyote ile. Hiyo "yoyote ile" walikuwa wameipigia mstari. Nisipowasilisha kazi kufikia siku hiyo, miaka yangu yote ya utafiti inafutwa kana kwamba sikuwahi kusajiliwa. Barua ile niliibandika jikoni, juu ya jiko, niione kila nikipika.

Mbeya umeme ulinitesa. Mashine ikiwashwa asubuhi, mchana umeme unayumba, inazima. Nilikuwa nimefika mahali pa kuichukia nchi nzima ndipo mtu akaniambia kuna karakana ya zamani ya useremala Iringa, kwenye njia ya kuelekea Tosamaganga, ina mtambo wake mdogo wa umeme wa maji kutoka kwenye kijito na haina kazi nyingi siku hizi. Nikazifunga bodi kwenye mablanketi, nikazipakia kwenye basi pamoja na mimi, nikazishika mapajani zilizoenea na nyingine nikaziweka miguuni. Kutoka Mbeya mpaka Iringa sikunyoosha goti.

Karakana ilikuwa na mwangalizi wake, mzee wa Kihehe aliyekuwa fundi redio maisha yake yote mpaka redio zilipoacha kutengenezwa na kuanza kutupwa. Alikuwa amepita sabini. Nilipomweleza mashine ni ya nini hakuomba barua wala picha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Sasa bodi moja ikichoka, wenzake wanajuaje?" Nikajua nimepata mtu. Alijifunza kuwasha, kuzima, kusoma taa za kijani, na kila asubuhi alipita na kugusa kila bodi kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa.

Tatizo lake lilikuwa salamu. Mzee huyu hakuanza neno lolote kabla ya kunisalimia, na salamu zake hazikuwa na mwisho. Kamwene. Umeamkaje. Na watoto wameamkaje. Na huko Mbeya baridi inasemaje. Na kazi. Na mama yako Tukuyu, mguu wake unaendeleaje. Mimi ni Mnyakyusa, nimelelewa kwa salamu na kwa kupiga magoti, sikatai. Lakini nilikuwa napiga simu saa moja kasoro, darasa linaanza saa moja, na kwenye kichwa changu kulikuwa na kalenda tu. Nilimkatiza. Nasema kwa aibu: nilimkatiza kila siku.

Mwezi wa sita tulianza kuiendesha koni nzima, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Kanuni niliyoiweka mwanzoni ilikuwa kali: bodi yoyote isipojibu, wote wasimame. Ilikuwa kanuni nzuri. Lakini bodi za skrepa zina vituko. Moja inakaa kimya kama kupepesa jicho, labda maji ya kijito yamepungua kidogo, na mashine nzima inasimama na kutuita. Kila ikisimama, mzee anasubiri nitoke darasani nimwelekeze kwa simu aiwashe upya. Tulisimama mara nne katika wiki mbili. Mara ya tano nilikuwa Iringa mwenyewe, basi langu la kurudi linaondoka, nikashikwa na hasira hasa. Nikafungua ile kanuni, nikaandika nyingine: bodi isipojibu, majirani watumie jibu lake la mwisho, waendelee. Nilikusudia kwa ule upepeso wa jicho tu. Kikomo sikuweka. Niliifunga, nikakimbilia stendi, na njia nzima nilijisifu.

Mwanzo wa mwezi wa saba tukaanza upya, na safari hii mashine haikusimama. Siku ya kwanza, ya tatu, ya kumi. Nilikuwa nimehesabu itahitaji siku kama hamsini kumaliza, na baada ya hapo ningebaki na mwezi mmoja wa kuandika. Diski yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo mashine iliweka hali ya jana tu na kufuta ya juzi. Sikujali. Nilikuwa nalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Wiki ya pili nilipiga simu kama kawaida.

"Kamwene, mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama, mzee. Mashine inaenda?"

"Inaenda. Inaunguruma vizuri tu. Ila hii ya tisa, haijisikii vizuri."

"Ina joto?"

"Joto hapana. Imepoa."

"Kama imepoa ni vizuri, mzee. Zinazoungua ndizo za kuniambia."

"Sawa mwalimu. Ila ukipata nafasi, uje."

"Nitakuja, mzee. Asante."

Nikakata, nikaingia darasani kufundisha nguvu ya msuguano.

Siku mbili baadaye alisema tena ya tisa haijisikii vizuri, na ukipata nafasi uje. Nikasema nitakuja. Wiki iliyofuata alisema, "Mwalimu, wewe uje tu." Nilidhani mzee amechoka kukaa peke yake. Nilimwuliza kama mashine imesimama, akasema haijasimama. Nikamwuliza kama kuna taa nyekundu, akasema nyekundu hakuna. Niliuliza maswali ya mashine, akanijibu kwa uaminifu maswali ya mashine. Kisha siku moja, baada ya salamu ndefu kuliko kawaida, akauliza, "Hapo ulipo, uko na nani?"

"Niko na wanafunzi, mzee. Nimesimama mlangoni, naingia."

"Basi ingia, mwanangu. Tutaongea."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo. Nililisikia, nikaliacha lipite.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mashine ilimaliza. Mzee aliniambia imeandika neno la mwisho, akanisomea herufi moja moja. Nilipiga kelele pale ofisini mpaka mwenzangu wa kemia akaja kuchungulia. Nilimwelekeza mzee namna ya kunitumia faili dogo la muhtasari, likachukua asubuhi nzima kufika kwa mtandao ule, na lilipofika nikachora mchoro. Ulikuwa mstari mzuri ajabu: shinikizo kwenye ukuta wa koni linapanda, linapanda, kisha pale daraja linapojengwa linakatika na kuhamia pembeni, juu kidogo ya pale ambapo kila mtu, mimi nikiwemo, alidhani. Kumbe jamaa wa Igawa alikuwa anagonga chini mno. Nilimtumia msimamizi wangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka minane na ananiita madam. Akajibu, "Hongera madam. Andika haraka."

Nikapanda basi kwenda Iringa kuchukua diski yenyewe. Nilimbebea mzee mkungu wa ndizi na majani ya chai. Nilifika mchana. Uwanja wa karakana ulikuwa umefagiwa, na nje kulikuwa na kiti kimoja cha mbao kimewekwa kivulini. Mzee alinipokea mkoba, akaniketisha, akaniletea maji ya kunawa, kisha ugali na maharage. Nikamwambia ngoja kwanza nione mashine. Akasema, "Kula kwanza." Nikasema sina njaa. Akasema tena, kwa upole uleule, kula kwanza. Nilikula kwa hasira, tonge kubwa kubwa, nimalize. Aliuliza habari za njiani, za watoto, za mguu wa mama. Nilijibu moja moja nikitafuna.

Nilipomaliza akavuta gogo, akakaa mbele yangu, akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, "kazi ya Mungu haina makosa. Bodi ya tisa ilituacha. Ni toka ile wiki ya pili."

Sikuelewa kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili. Kisha nikainuka, nikaingia ndani. Taa kumi na tano za kijani zilikuwa zinawaka, na kwenye safu ya tatu kulikuwa na nafasi nyeusi. Nikaigusa kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa baridi kama sahani. Bodi inayofanya kazi haipoi hata siku moja, hilo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Baba yangu alipofariki, kaka alinipigia simu nikiwa chuoni. Alisema, "Baba hajisikii vizuri. Uje." Akauliza niko na nani. Sikuuliza ana nini, sikuuliza tangu lini. Nilifungua kabati, nikatoa kitenge cheusi, nikaenda stendi. Shangazi alipoondoka ilikuwa hivyohivyo, na mimi mwenyewe nimeshawaambia watu wengine hivyohivyo, kwa sauti ileile, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu mwenye adabu anayemwambia mtu kifo kwenye simu akiwa mbali, amesimama peke yake mlangoni mwa darasa. Unamwita. Akifika unampa maji, unampa chakula, maana akishaambiwa hatakula. Hakuna mtu wa Nyanda za Juu anayeambiwa "uje" mara ya pili. Mimi niliambiwa wiki sita.

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuwa nayo tena, na naomba nisiwe nayo. Nilimfokea mzee aliyekuwa sawa na baba yangu.

"Kwa nini hukusema imekufa?"

"Nilikwambia, mwalimu."

"Uliniambia haijisikii vizuri! Ni bodi, mzee. Ni bati na plastiki. Si mtu."

"Najua ni bodi," alisema. "Nimetengeneza redio miaka arobaini, sijawahi kulilia redio. Ila hii ndio miaka yako yote iko humo ndani, umeniambia mwenyewe. Sasa mimi nikwambie kwenye simu, unaanguka, nani anakudaka?"

Nikaendelea kufoka. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza nilipokuwa nashangilia. Akasema alishangaa kuona nashangilia, akadhani labda watu wa fizikia tuna namna yetu, kwamba mashine ilikuwa imepangwa kwenda bila ya tisa, si niliibadilisha mwenyewe ile siku ya basi? Na hapo nikakaa chini, kwa sababu ni kweli. Bodi ilikufa wiki ya pili. Kwa kanuni yangu ya haraka, majirani zake waliendelea kuiuliza punje zako ziko wapi, nao wakaendelea kupokea jibu lake la mwisho, lilelile, kwa siku karibu arobaini. Sehemu moja kati ya kumi na sita ya mpunga wangu ilikuwa inasema maneno ya marehemu, na ule mstari mzuri ajabu ulikuwa umejengwa juu yake. Hali ya mashine kabla ya kifo ilishafutwa zamani. Hapakuwa na pa kurudia ila mwanzo kabisa.

Nilimpigia msimamizi palepale.

"Matokeo yameathirika kiasi gani, madam?"

"Sijui."

"Wewe hujui, mimi sijui, na msahihishaji hataweza kujua. Wasilisha. Kwenye mapungufu andika sentensi moja kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya kifaa."

"Si ndogo."

"Umesema hujui kama ni ndogo au ni kubwa."

Alikuwa na haki, ndicho kilichoniudhi zaidi. Sitaki nionekane mtakatifu hapa. Nilirudi Mbeya na siku tatu nilikaa na ile sentensi. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika kwa namna nyingine, nikaipamba. Niliwaza kwamba watu wanapata shahada kwa uongo mkubwa kuliko huu. Niliwaza watoto wangu walivyokula ugali na dagaa mwaka mzima mama akichambua skrepa. Lakini kila nilipofika kwenye neno "ndogo" mkono ulikataa. Nisingeweza kusimama mbele ya watu na kuwaambia daraja linajengwa hapa, huku najua kwamba sijui. Lile lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimeliuliza kwa uchungu mno kiasi cha kutokubali jibu la kubahatisha.

Nikaandika kuomba muda. Barua ya kunikatalia ilikuja na sentensi mbili, moja ya kunisalimia na moja ya kunirejesha kwenye barua ya mwanzo. Nikaibandua ile ya jikoni.

Niliporudi Iringa, mzee tayari alikuwa ameshatoa bodi ya tisa na kuipanga ya akiba. Alikuwa ameifunga ile iliyokufa kwenye gazeti na kuiweka rafuni, hakuitupa. Nilirudisha kanuni kali, asiyejibu wote wasimame, na katikati ya mwezi wa tisa tukaiwasha. Ilisimama mara sita. Kila iliposimama mzee alipiga simu, akanisalimia, akaniambia imesimama na kwa nini. Mimi nilimsikiliza mpaka mwisho, na wanafunzi wakasubiri. Mwisho wa mwezi ulipita nikiwa nasahihisha mitihani. Siku ile jina langu liliondolewa kwenye orodha, na sikuambiwa na mtu, nililiona halipo.

Mashine ilimaliza mwezi wa kumi na mmoja, mvua za kwanza zimeshaanza na barabara ya kwenda karakana ni tope tupu. Safari hii sikutaka muhtasari. Nilikwenda, nikakaa mbele ya skrini ndogo mzee akiwa nyuma yangu, nikachora mstari mpya juu ya ule wa zamani, mmoja mwekundu na mwingine wa bluu.

Niliona mmoja tu. Nilidhani nimekosea, nimechora uleule mara mbili. Nikakuza picha, nikakuza tena, mpaka kwenye ukingo kabisa nikaona wekundu kama uzi umechungulia chini ya ubluu. Daraja lilikuwa palepale. Shinikizo lilihamia palepale. Ilinichukua muda kuelewa, kisha nikaelewa haraka: bodi ya tisa nilikuwa nimeikabidhi pembe ya nyuma ya koni, pale ambapo mpunga ukishatua hausogei mpaka koni yote iishe. Jibu lake la mwisho lilikuwa jibu lake la siku zote. Angekufa jirani yake wa nane, kila kitu kingeharibika. Alikufa huyu, na hakikuharibika kitu.

"Inafanana," alisema mzee.

"Inafanana."

"Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa kweli."

Nilitaka kumweleza kwamba hakuna mtu angeweza kulijua hilo bila hii ya pili, wala mimi, wala msimamizi, wala msahihishaji, na kwamba kupatia si kujua. Naliamini neno hilo mpaka leo na ninawafundisha nalo wanafunzi. Lakini pale mbele ya ile skrini halikunifaa kitu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kuvunja. Ile sentensi moja ningeiandika, "hitilafu ndogo ya kifaa," ingekuwa kweli tupu, neno kwa neno.

"Ilikuwa kweli, mzee," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, akauliza kama sasa nitawapelekea wale wa shahada. Nikamwambia hawanijui tena.

Akauliza azime mashine au aiache. Niliendelea kuutazama ule mstari mmoja.